Toleo Jipya, Mlango Uliofungwa: Ukarabati wa Michezo ya Video ya Zamani kwa Jicho la Bugembe

Ikisiri

Makala hii inahakiki matoleo yaliyokarabatiwa ya michezo ya video ya zamani, kwa kuzingatia zaidi Grand Theft Auto: San Andreas (2004) na toleo lake jipya la Novemba 2021. Hoja kuu ni kwamba ukarabati wa mchezo ni tendo la uhariri wa matini, na uhariri wowote hupimwa kwa kulinganishwa na matini ya awali. Pale ambapo toleo la zamani linaondolewa sokoni, na lile jipya halifunguki bila idhini ya seva ya mbali, msomaji hunyang'anywa uwezo wa kulinganisha, na mhakiki hubaki bila msingi wa kazi yake. Makala inaongozwa na uhakiki wa matini pamoja na nadharia ya upokezi, na inalitazama suala hili kutoka Bugembe, Jinja, mahali ambapo umeme na intaneti si vitu vya kutegemewa wakati wote. Mwishoni inapendekeza vigezo vitatu vya kuhakikia toleo lililokarabatiwa.

1.0 Utangulizi

Bugembe ni mji ulio kando ya barabara kuu itokayo Jinja kuelekea Iganga, na tangu Julai 2020 ni sehemu ya Jiji la Jinja. Wengi huujua kwa makao makuu ya Ufalme wa Busoga na kwa kanisa kuu la Kianglikana. Vijana wake, hata hivyo, wanaujua pia kwa vyumba vya michezo: vyumba vyenye televisheni mbili tatu, benchi za mbao, na mashine za PlayStation 2 ambazo zimefunguliwa na kufungwa kwa bisibisi mara nyingi kuliko zinavyoweza kuhesabika.

Kwa kijana aliyekulia katika vyumba hivyo, San Andreas huenda ndiyo simulizi ndefu ya kwanza aliyoifuata tangu mwanzo hadi mwisho. Riwaya aliisoma kwa vipande kwa ajili ya mtihani. Filamu aliitazama kwa saa mbili katika kibanda cha video, ikifasiriwa na VJ kwa Kiganda. Mchezo huu ulimchukua miezi. Aliyeshika padi alikuwa mmoja, lakini waliokaa benchi walikuwa sita au saba. Aliyejua Kiingereza aliwafasiria wenzake, aliyewahi kupita hatua hiyo alionya, na wengine walikosoa. Kwa istilahi za fasihi simulizi, chumba kilikuwa na fanani na hadhira, na nafasi hizo zilibadilishana kila muda uliolipiwa ulipokwisha.

Chanzo cha makala hii ni tukio dogo. Mmiliki wa chumba kimoja cha aina hiyo alinunua kompyuta iliyotumika pamoja na nakala halali ya mchezo wa zamani uliokarabatiwa, kwa sababu wateja wake walikuwa wameuulizia. Alinunua data na kuacha mchezo ukipakuliwa usiku kucha. Jioni aliyokusudia kuuonyesha, mtandao ulikatika, na programu ikakataa kufungua hadi iithibitishe akaunti yake. Wateja walirudi kwenye benchi ya PlayStation 2. "Mwalimu," aliniambia, "hii niliyoinunua inaniomba kitambulisho kila siku. Ile ya kuchoma haijawahi kuniuliza jina." Kauli hiyo ina swali la kihakiki ndani yake: ni toleo lipi hasa lililo mikononi mwa msomaji?

Kuhusu istilahi, makala inatumia neno ukarabati kwa kazi ya kuutengeneza upya mchezo wa zamani ili uchezwe katika mashine za sasa. Neno uhuishaji linakwepwa kwa kuwa limekwisha kuzoeleka kwa maana ya picha zinazotembea. Programu ambayo ni lazima ifunguke kwanza ndipo mchezo ufunguke, na ambayo huwasiliana na seva ya kampuni, inaitwa hapa programu ya kufungulia.

2.0 Ukarabati kama Uhariri wa Matini

Wanafasihi ya Kiswahili si wageni katika suala la matoleo. Utendi wa Mwana Kupona ulitungwa mnamo 1858. Alice Werner na William Hichens waliuchapisha mwaka 1934, na J.W.T. Allen akauhariri tena katika mkusanyo wake wa tendi wa mwaka 1971. Mwanafunzi wa leo anaweza kuyaweka matoleo hayo mawili juu ya meza moja na kuuliza: kwa nini mhariri huyu alichagua neno hili na yule akachagua lile? Anaweza pia kuuliza hati inasemaje. Allen alipotoa toleo lake hakwenda nyumba kwa nyumba kuzikusanya nakala za 1934. Toleo jipya lilikaa kando ya la zamani, na nafasi iliyo kati yake ndiyo uwanja wa mhakiki.

Mkarabati wa mchezo hufanya yaleyale afanyayo mnakili wa hati: hunakili, husahihisha, huongeza, na huacha. Hukuza picha ndogo ili zitoshe katika televisheni kubwa, huchora upya nyuso, hubadilisha mwanga, na huziacha nyimbo ambazo leseni zake zimekwisha. Kila moja ya hatua hizi ni uamuzi kuhusu maana, hata kama aliyeufanya aliuona kuwa wa kiufundi tu.

Nadharia ya upokezi inaongeza upande wa hadhira. Hans Robert Jauss alisisitiza kwamba kazi ya sanaa hukutana na upeo wa matarajio wa wasomaji wake, na kwamba historia ya kazi hiyo ni historia ya mikutano hiyo. Kwa mantiki hiyo, San Andreas iliyochezwa Bugembe kwa ufasiri wa benchi ni sehemu ya historia ya matini yenyewe. Matini hiyo ikiondolewa na kuwekwa nyingine yenye jina lilelile, ushahidi wa upokezi huo nao hupotea.

3.0 Ukungu wa San Andreas

Toleo lililokarabatiwa lilitolewa tarehe 11 Novemba 2021, likijumuisha michezo mitatu: Grand Theft Auto III (2001), Vice City (2002) na San Andreas (2004). Kazi ilifanywa na studio ya Grove Street Games kwa niaba ya Rockstar Games. Malalamiko yaliyofuata yalikuwa mengi, na mengine ni mepesi. Mvua ilikuwa mistari myeupe iliyoziba macho. Nyuso zilikuwa za plastiki. Maandishi ya mabango yaliyokuzwa kwa mashine yalitoka na makosa ya tahajia. Haya ni makosa ya mnakili, na mnakili akipewa muda huyasahihisha.

Kosa moja dogo linastahili kutazamwa kwa karibu. Ndani ya San Andreas kuna duka la donati liitwalo Tuff Nut Donuts. Bango lake la awali lilikuwa na umbo la nati ya chuma yenye pembe sita, kwa sababu jina la duka linachezea neno la Kiingereza lenye maana zaidi ya moja. Katika toleo la 2021 pembe zile zililainishwa, na nati ikawa duara kama donati. Aliyelainisha aliona umbo lenye pembe chache akadhani ni udhaifu wa mashine ya zamani; hakuona kwamba ni utani. Wahariri wa hati hulijua vyema kosa hili: mnakili anakutana na neno asilolielewa, anaweka mahali pake neno analolijua, na beti inabaki na mizani yake huku maana imekufa.

Kosa kubwa zaidi liko angani. San Andreas ya 2004 ilikuwa na ukungu. Mchezaji hakuona mbali; milima na majengo yalijitokeza kadiri alivyoyakaribia. Sababu yake ilikuwa ufinyu: PlayStation 2 ilikuwa na kumbukumbu kuu ya megabaiti 32 tu, na isingeweza kuichora nchi nzima kwa pamoja. Toleo la 2021 liliondoa sehemu kubwa ya ukungu huo. Mchezaji aliyepanda Mlima Chiliad aliona mji hadi mji, na nchi iliyokuwa kubwa ikawa kisiwa kidogo chenye vikundi vya majengo kila pembe.

Ili kuelewa kilichopotea, sharti tukumbuke kisa. Carl Johnson anarudi Los Santos mwaka 1992, baada ya miaka mitano huko Liberty City, kwa sababu mama yake ameuawa. Bugembe tukio hili halikuhitaji mfasiri: mtu aliyekwenda kutafuta maisha mbali akarudishwa nyumbani na msiba ni mhusika anayejulikana katika kila ukoo. Baadaye rafiki zake wawili wanamsaliti, na polisi mla rushwa anamtupa mashambani, mbali na mtaa wake wa Grove Street. Sehemu pana ya katikati ya mchezo ni simulizi ya uhamisho. Carl anafanya kazi kwa watu asiowajua, anavuka majangwa na madaraja, na nyumbani kumebaki jina linalotajwa.

Uhamisho unahitaji umbali, na umbali huo ulijengwa na ukungu. Carl akiwa mashambani hakuona Los Santos. Ilimbidi aamini kwamba ipo. Hadhira ya benchi nayo iliamini. Mmoja wao, ambaye sasa ni fundi wa pikipiki, alinieleza kwamba alipokuwa mtoto alidhani safari ya kurudi Los Santos ingechukua siku nzima ya shule. Ukungu ulipoondolewa, mhamishwa akawa anaiona nyumba yao kutoka kilimani. Kisa hakikubadilishwa hata sentensi moja, lakini uzito wake umepungua.

Washairi wetu hawatashangazwa na hili. Mizani minane ya utendi ni kizuizi, lakini hakuna anayependekeza kwamba toleo la kisasa la utendi liongeze mizani kwa kuwa karatasi sasa ni nyingi. Kizuizi kilichotawaliwa na msanii huwa sehemu ya umbo. Novemba 2024 sasisho kubwa la mchezo huu lilirudisha uwezekano wa mwanga na anga iliyokaribia ile ya 2004. Kwa maoni ya makala hii, hatua hiyo inaonyesha kwamba ile hewa nzito ilikuwa sehemu ya matini tangu mwanzo.

Kuhusu muziki, itoshe kusema kwamba redio za magari ndizo zilizoupa kila mchezo enzi yake, na nyimbo kadhaa hazimo katika matoleo mapya kwa sababu za leseni. Vice City isiyo na Billie Jean ya Michael Jackson ni sawa na tamthilia iliyopunguzwa wimbo wa ufunguzi: inachezeka, lakini aliyeiona ya kwanza anajua kuna pengo.

4.0 Mlango na Mwenye Ufunguo

Makosa yaliyotajwa yangeweza kujadiliwa kwa utulivu kama toleo la zamani lingebaki mahali pake. Halikubaki. Oktoba 2021, kabla ya toleo jipya kutoka, matoleo ya awali yaliondolewa katika maduka ya mtandaoni. Siku toleo jipya lilipotoka, programu ya kufungulia ya kampuni ilizimika kwa zaidi ya siku nzima, na toleo la kompyuta likaondolewa sokoni kwa siku kadhaa. Kwa muda huo aliyelipia toleo jipya alishindwa kulifungua, na aliyetaka kununua la zamani hakulipata. Hata michezo mingine iliyolipiwa zamani, ikiwamo Grand Theft Auto V, haikufunguka kwa wengi. Tarehe 19 Novemba kampuni iliomba radhi na kuahidi kurudisha matoleo ya awali ya kompyuta katika duka lake. Kwa kurudisha, ilikiri kwamba kuondoa kulikuwa kosa.

Huo si mfano wa pekee. Januari 2020, Warcraft III ya mwaka 2002 ilipokarabatiwa, programu ya zamani ilibadilishwa kuwa mpya, na wenye diski za awali waliotaka kucheza mtandaoni walilazimika kuifuata. The Crew, mchezo wa magari wa mwaka 2014, ulizimwa seva zake tarehe 31 Machi 2024, na hata aliyekuwa akiucheza peke yake hakuweza kuufungua tena. Hasira zilizotokana na tukio hilo zilizaa harakati ambayo ombi lake kwa Umoja wa Ulaya lilipata sahihi zaidi ya milioni moja. Nchini Marekani, utafiti wa taasisi ya Video Game History Foundation wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba asilimia 87 ya michezo ya zamani iliyotolewa nchini humo haipatikani tena sokoni.

Kwa msomaji wa Helsinki au Seoul, kuzimika kwa seva ni ajali. Kwa msomaji wa Bugembe, kukatika ni sehemu ya kawaida ya maisha. Mji huu uko kilomita chache kutoka bwawa la Nalubaale, lililoanza kuzalisha umeme mwaka 1954, lakini ujirani huo haujawahi kuwa dhamana ya taa kuwaka. Kwa upande wa intaneti, mwaka 2018 Serikali ya Uganda iliweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa watumiaji wa mitandao ya kijamii, na Julai 2021 kodi hiyo ikabadilishwa kuwa asilimia 12 ya gharama ya data. Jioni ya tarehe 13 Januari 2021, mkesha wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa takriban siku tano. Katika siku hizo vitabu vilisomeka, redio zilisikika, na diski za PlayStation 2 zilizunguka kama kawaida. Mchezo uliohitaji idhini ya seva haukuwapo. Toleo linalosomeka tu pale ambapo mamlaka mbili za mbali, ya kampuni na ya nchi, zimeridhia kwa wakati mmoja ni toleo lenye wasomaji wa muda.

Kuna tatizo jingine linalomgusa mtafiti moja kwa moja. Programu ya kufungulia husasisha mchezo usiku mmoja, bila mwaka wa chapa na mara nyingi bila maelezo ya kutosha. Bango la duka la donati linaweza kuwa na pembe leo na kukosa kesho. Anayeandika tasnifu juu ya utendi hutaja toleo na ukurasa, na msomaji wake hufungua palepale. Anayeandika juu ya mchezo wa aina hii hawezi kumhakikishia msomaji kwamba wanatazama kitu kimoja.

5.0 Hoja za Upande wa Pili

Hoja ya kwanza dhidi ya msimamo huu ni ya haki. Nyingi ya diski zilizochezwa Bugembe zilichomwa bila idhini, na kampuni ina haki ya kulinda mali yake. Hilo ni kweli, na makala hii haitetei wizi wa kazi za watu. Hata hivyo, mambo yalivyotokea yana kinaya kisichopuuzika: nakala isiyo halali ndiyo iliyohifadhi ukungu, nyimbo na pembe sita, huku mnunuzi halali akipewa matini iliyopunguzwa. Ulinzi unaomwadhibu anayelipa na kumwacha asiyelipa haujatimiza lengo lake. Duka la GOG la Poland limekuwa likiuza michezo ya zamani tangu 2008 bila kifungo cha aina hii, na hilo linaonyesha kwamba biashara na uhuru wa msomaji vinaweza kukaa nyumba moja.

Hoja ya pili ni kwamba ukarabati ni wa lazima. Diski hukwaruzika, macho ya mashine huchoka, na televisheni za sasa hazipokei nyaya za zamani. Hili nalo ni kweli. Pasipo ukarabati, San Andreas itakufa pamoja na mashine ya mwisho. Makala inaukubali ukarabati na inapinga ubadilishaji unaojiita ukarabati. Mfano mwema upo. Toleo la mwaka 2009 la The Secret of Monkey Island na lile la Halo la mwaka 2011 yalimpa mchezaji kitufe cha kuhama papo hapo kutoka sura mpya hadi ya zamani na kurudi. Hayo ni matoleo sambamba kwa maana kamili ya kitaaluma: hati upande mmoja, uhariri upande wa pili, na msomaji ndiye mwamuzi.

Wakazi wa Jinja wana kumbukumbu ya tofauti hiyo. Bwawa la Bujagali, lililozinduliwa mwaka 2012, lilileta umeme uliohitajika, na likayazamisha maporomoko ya Bujagali. Huenda mji ulilazimika kuchagua kimoja kati ya hivyo viwili. Mchezo wa video hauna ulazima huo, kwani toleo jipya halihitaji kusimama juu ya maji yaliyolizamisha la zamani.

6.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala imeonyesha kwamba ubora wa toleo lililokarabatiwa hautokani na ukali wa picha zake pekee. Vigezo vitatu vinapendekezwa. Kwanza, je, mkarabati alitofautisha udhaifu wa mashine na uamuzi wa msanii, na alijua pale ambapo cha kwanza kiligeuka kuwa cha pili? Pili, je, toleo la awali limeachwa mahali ambapo msomaji anaweza kulifikia na kulinganisha? Tatu, je, toleo linafunguka kwa aliyelilipia siku ambayo umeme umerudi lakini mtandao haujarudi? Toleo likishindwa kigezo cha kwanza limehaririwa vibaya, na kosa hilo husahihishika. Likishindwa cha pili na cha tatu limeufuta msingi ambao kwao kosa lolote lingeweza kugunduliwa.

Kwa idara za Kiswahili na fasihi katika ukanda wetu, kuna kazi mbili za haraka. Ya kwanza ni kukusanya mashine na diski za zamani na kuzihifadhi katika maktaba, kama zilivyohifadhiwa hati na kanda za tendi. Ya pili ni kurekodi masimulizi ya waliozicheza, kwa Kisoga, Kiganda na Kiswahili, maadamu bado wanakumbuka nani alifasiri nini na benchi ilicheka wapi. Aidha, vitabu na kamusi za Kiswahili zinazidi kutolewa kama programu za simu. Yafaa tuulize sasa, kabla hatujazitegemea, iwapo zitafunguka bila idhini ya seva, na iwapo toleo la jana litaweza kupatikana kesho.

Mmiliki wa chumba aliyetajwa mwanzoni bado anaendesha kazi yake. Diski yake ya San Andreas ina mkwaruzo, na kuna sehemu ambapo mchezo huganda kila mara. Wateja wanaijua sehemu hiyo, na wanamwambia mgeni aipite upande wa kushoto. Kompyuta aliyoinunua inatumika sasa kuchapisha barua za maombi ya kazi.